Namna ya Kukadiria Mwaka Ambao Timu ya Besiboli Inayojijenga Upya Itarudi Kushindana

Jumapili moja ya Oktoba 2025 mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma alifika nyumbani Nkuhungu, akaniamkia, na kabla hajavuta kiti akauliza: "Mjomba, hivi watu wangu watarudi lini?" Watu wake ni Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani aliyoanza kuifuatilia kwa sababu ya mrushaji mmoja, Paul Skenes, na ambayo katika msimu uliokuwa umemalizika wiki chache tu kabla ya siku hiyo ilipoteza michezo 91. Nilimwomba aniletee kaunta buku iliyokuwa juu ya kabati, kalamu ya wino na penseli. Maelezo yafuatayo ni utaratibu tulioufuata jioni ile, na mtu yeyote mwenye simu yenye bando na saa mbili za utulivu anaweza kuufuata kwa timu anayoipenda.

Sisi tunaoufuatilia mchezo huu kutoka Dodoma si wengi, na saa za huko hazitupendelei. Mchezo unaoanza saa moja jioni Pittsburgh au Baltimore huanza hapa saa nane usiku, kwa hiyo siku za kazi tunaishi kwa matokeo ya asubuhi, na michezo tunayoitazama kwa macho ni ile ya Jumapili mchana, ambayo hapa huangukia kama saa mbili usiku. Nimekuja kuona kwamba hasara hiyo ina faida yake, kwa sababu mtu asiyeshuhudia kila mpira hulazimika kusoma takwimu, na takwimu hazichukuliwi na furaha ya ushindi wa jana.

Kubaliana kwanza juu ya neno "kushindana"

Mabishano mengi kuhusu timu zinazojijenga upya hutokana na watu kutokubaliana wanangojea kitu gani. Mmoja anangojea ubingwa, mwingine anangojea tu timu iache kuaibika. Kipimo ninachotumia kiko katikati: timu imerudi kushindana ikiwa Septemba mosi bado ina nafasi ya kweli ya kuingia mtoano. Ligi ina timu 30, kila moja hucheza michezo 162, na tangu 2022 timu 12 huingia mtoano, 6 kutoka kila upande wa ligi. Upana huo wa mlango umepunguza idadi ya ushindi unaohitajika. Mwaka 2024 Detroit Tigers na Kansas City Royals waliingia kwa kushinda michezo 86 kila mmoja, na mwaka 2025 Cincinnati Reds waliingia kwa 83 tu. Kwa hiyo andika 85 juu ya ukurasa wako. Hilo ndilo lengo, na swali lote lililobaki ni timu yako iko umbali gani na namba hiyo, na itautembea umbali huo kwa miaka mingapi.

Kabla ya kupima umbali, hakikisha unajua mahali timu ilipo, maana jedwali la ushindi na kushindwa huweza kudanganya kwa michezo mitano au sita kwa msimu. Bill James, mtakwimu wa besiboli, aliwahi kutoa kanuni ambayo bado inatumika: zidisha pointi ambazo timu imefunga kwa zenyewe, fanya vivyo hivyo kwa pointi ilizofungwa, kisha gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya majibu yote mawili. Tuseme timu imefunga pointi 680 na kufungwa 720. Jibu la kwanza ni 462,400, la pili ni 518,400, na ukigawanya unapata kama 0.471, ambayo ukiizidisha kwa 162 inatoa ushindi 76. Ikiwa timu hiyo ilishinda michezo 70 tu, ilikuwa na bahati mbaya, na pengo lake halisi hadi 85 ni michezo 9 wala si 15. Kwa makisio ya haraka, pointi 10 za ziada katika msimu mzima ni sawa na ushindi mmoja. Timu yenye pengo la ushindi 9 inatafuta pointi zipatazo 90, ama kwa kufunga zaidi ama kwa kufungwa kidogo, na hapo mjadala unakuwa wa wachezaji wenye majina badala ya matumaini ya jumla.

Kwa nini huko timu inaweza kushindwa miaka mitatu bila kufa

Msomaji aliyezoea mpira wa miguu wa kwetu hushangaa kwamba mmiliki anaweza kuuza wachezaji wake bora, akashindwa makusudi au nusu makusudi kwa misimu kadhaa, na bado akaheshimiwa. Kwetu jambo hilo haliwezekani. Dodoma Jiji tangu ipande Ligi Kuu mwaka 2020 imekuwa ikicheza kila msimu ikitazama mstari wa kushuka daraja, na timu itakayosema "tunajenga, tuvumilieni hadi mwaka kesho kutwa" itakuwa inajenga ikiwa daraja la chini. Katika besiboli ya Marekani hakuna kushuka daraja. Tena anayeshindwa hupewa zawadi, kwa kuwa katika uchaguzi wa vijana unaofanyika kila mwaka timu dhaifu hutangulia kuchagua. (Wamarekani huuita drafti, lakini usiuchanganye na drafti ya kete inayochezwa vijiweni.)

Zawadi hiyo, hata hivyo, imepunguzwa, na mtu anayekadiria kwa mazoea ya miaka kumi iliyopita atakosea. Tangu uchaguzi wa 2023 nafasi sita za kwanza hupatikana kwa bahati nasibu, na timu tatu za mwisho zina nafasi sawa ya asilimia 16.5 ya kushika namba moja. Vilevile kuna ukomo wa idadi ya miaka mfululizo ambayo timu inaweza kunufaika na bahati nasibu hiyo, na timu za miji mikubwa zimebanwa zaidi. Mfano mchungu ni wa Chicago White Sox, ambao mwaka 2024 walipoteza michezo 121, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na timu yoyote katika zama za sasa za mchezo huo, na bado mwaka uliofuata walichagua wakiwa wa 10. Kwa hiyo usihesabu vipigo kama akiba ya benki.

Ukurasa wa nafasi 14

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Fungua ukurasa mpya na uchore visanduku 14: tisa vya wapigaji, yaani mdakaji, walinzi wa vituo na wa uwanja wa nyuma pamoja na mpigaji maalumu asiyelinda, na vitano vya warushaji wanaoanza mchezo. Warushaji wanaoingia mwishoni kufunga mchezo siwawekei kisanduku, kwa kuwa watu hao hupanda na kushuka kwa kasi ya bei ya nyanya sokoni Majengo, na kuwakadiria miaka miwili mbele ni kujisumbua.

Sasa jaza. Mchezaji ambaye amekwisha kucheza angalau msimu mmoja mzima katika ligi kuu kwa kiwango cha kati au zaidi, na ambaye mkataba wake au haki za timu juu yake zitakuwa hai mwaka unaoukadiria, mwandike kwa wino. Kijana ambaye bado yuko madaraja ya chini, au yuko juu lakini hajathibitisha, au aliwahi kung'ara kisha akaporomoka, mwandike kwa penseli. Penye utupu acha utupu, na usitie jina la mtu kwa sababu tu hakuna mwingine.

Tofauti kati ya wino na penseli ndiyo nguzo ya utaratibu huu, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kila msimu wa baridi hutolewa orodha za vijana bora, na shabiki wa timu inayoshindwa huzisoma kama mtu anayehesabu mifugo ya mahari kabla mchumba hajaitikia. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi ukimuuliza atavuna kiasi gani mwakani hahesabu miche aliyoichimbia mashimo juzi. Huhesabu mizabibu iliyokwisha kuzaa, kisha ndipo anapoigusia miche kwa "Mungu akipenda".

Penseli ina sababu zake. Mwaka 2013 Houston Astros, waliokuwa na haki ya kuchagua wa kwanza, walimchagua mrushaji Mark Appel. Hakuwahi kuwachezea hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Waliachana naye mwishoni mwa 2015, na alipofika ligi kuu hatimaye, akiwa na Philadelphia Phillies, ilikuwa Juni 2022. Timu hiyohiyo mwaka 2012 ilimchagua Carlos Correa, naye wa kwanza, na ndani ya miaka mitatu alikuwa nguzo ya kikosi. Waliomchagua ni walewale, chumba ni kilekile.

Kuhusu muda wa safari, angalia kijana yuko daraja gani. Ngazi za chini za besiboli hupanda kuanzia kambi za wanaoanza, kisha A moja, A ya juu, A mbili, hadi A tatu iliyo mlangoni mwa ligi kuu. Aliye A mbili na anafanya vizuri mpe mwaka mmoja hadi miwili. Aliye A tatu anaweza kuitwa wakati wowote. Aliye chini ya hapo asihesabiwe kabisa katika makadirio ya miaka miwili. Waliotoka vyuo vikuu hupita haraka kuliko waliotoka sekondari. Skenes alichaguliwa Julai 2023 akitokea chuo na Mei 2024 alikuwa ligi kuu, lakini huyo ni wa pekee na asikufanye uwatazamie wengine hivyo.

Nimeupima ukurasa huu kwa timu ambazo mwisho wa safari zao tunaujua. Baltimore Orioles walipoteza michezo 115 mwaka 2018, 108 mwaka 2019 na 110 mwaka 2021. Mtu aliyetazama jedwali tu mwishoni mwa 2021 angesema hali ni ileile ya miaka mitatu. Lakini ukichora visanduku vya mwishoni mwa 2021 unakuta wino katika vitano: Cedric Mullins, aliyekuwa ametoka kupiga mipira 30 nje ya uwanja na kuiba vituo 30 katika msimu mmoja, Anthony Santander, Austin Hays, Ryan Mountcastle, na mrushaji John Means, ambaye Mei ya mwaka huo alimaliza mchezo mzima bila kuruhusu hata pigo moja salama. Kwa penseli, mlangoni kabisa, alikuwapo mdakaji Adley Rutschman, chaguo la kwanza la 2019, ambaye tayari alikuwa amefika A tatu baada ya kucheleweshwa na korona, kwa kuwa msimu wa 2020 wa madaraja ya chini ulifutwa wote. Nyuma yake alikuwapo Gunnar Henderson. Rutschman aliitwa Mei 2022, timu ikamaliza na ushindi 83, na mwaka 2023 ikashinda 101. Dalili ilikuwapo ukurasani wakati jedwali likiwa bado linatangaza msiba.

Kutokana na mifano ya namna hiyo nimejiwekea kanuni, na naitoa kama maoni yangu wala si sheria: timu yenye visanduku vitano vya wino na angalau penseli mbili zilizofika A mbili au A tatu inaweza kushindana ndani ya misimu miwili, yenye vitatu au vinne inahitaji misimu miwili na msaada wa mfuko wa mmiliki, yenye chini ya vitatu iachie misimu mitatu au zaidi. Kanuni hii hukosea, tena hukosea mahali pa maana. Houston, mwishoni mwa 2013 baada ya kupoteza michezo 111, walikuwa na wino wa watu wawili tu, Jose Altuve na mdakaji Jason Castro. Kwa kipimo changu wasingerudi kabla ya 2016, na wao walirudi 2015. Nilichokosa ni Dallas Keuchel, mrushaji ambaye mwaka 2013 alikuwa akiruhusu zaidi ya pointi tano kwa kila mchezo mzima, na miaka miwili baadaye akatwaa tuzo ya mrushaji bora wa upande wake wa ligi. Hakuna penseli ambayo ingemwandika kwa nguvu ya kutosha. (Ubingwa wao wa 2017 uliingia doa baadaye, ilipothibitika kwamba waliiba ishara za wapinzani kwa kutumia kamera, na Januari 2020 klabu ikatozwa faini ya dola milioni 5 pamoja na kunyang'anywa nafasi za uchaguzi. Hilo halifuti ukweli kwamba kikosi kilikuwa kimeiva, lakini anayewatolea mfano hana budi kulitaja.)

Muda wa utumishi

Dodoma ni mji wa watumishi wa umma, kwa hiyo hatua hii wasomaji wangu wataielewa haraka kuliko Wamarekani wenyewe. Kila mchezaji ana muda wa utumishi unaohesabiwa kwa siku alizokuwa katika kikosi cha ligi kuu, na siku 172 ni mwaka mmoja kamili. Kwa kawaida, katika miaka mitatu ya kwanza timu humlipa kiasi karibu na kima cha chini. Baada ya hapo, kwa miaka mitatu, mshahara wake unaweza kuamuliwa na wasuluhishi, na hupanda kila mwaka. Akitimiza miaka sita, isipokuwa awe amesaini mkataba mrefu, anakuwa huru kwenda kwa anayemtaka.

Kwa hiyo, pembeni ya kila jina la wino andika mwaka ambao atakuwa huru. Kisha tafuta miaka ambayo majina mengi yako ndani ya timu kwa pamoja. Kipindi hicho ndicho dirisha. Timu nyingi hujengwa vibaya si kwa kukosa watu, bali kwa sababu watu wake hawaivi pamoja: huyu anaondoka mwaka ambao yule anapandishwa. Ukiona timu inamuuza nyota aliyebakiza mwaka mmoja na kuchukua vijana wawili wa A mbili, usikimbilie kulaani. Tazama ukurasa wako kama mauzo hayo yanalisogeza dirisha mbele au yanalifunga. Baltimore, Agosti 2022, wakiwa wameanza kushinda, walimuuza mrushaji wao wa kufunga michezo, Jorge López, kwa Minnesota Twins, na mashabiki wakakasirika. Miongoni mwa waliopatikana alikuwamo Yennier Cano, ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa katika kikosi cha nyota wa ligi.

Mfuko wa mmiliki

Kuna kiwango cha ujenzi ambacho vijana peke yao hawakivuki. Chicago Cubs walipoteza michezo 101 mwaka 2012, wakajaza visanduku kwa kubadilishana wachezaji na kwa uchaguzi wa vijana, lakini Desemba 2014 walimsainisha mrushaji Jon Lester kwa dola milioni 155 za miaka sita, na mwaka uliofuata walishinda 97. Ubingwa wa 2016, wa kwanza kwao tangu 1908, ulikuwa na mkono wa vijana na wa pesa kwa pamoja. Texas Rangers walikuwa na haraka zaidi: baada ya kupoteza 102 mwaka 2021 waliwasainisha Corey Seager kwa milioni 325 na Marcus Semien kwa milioni 175, wakapoteza tena 94 mwaka 2022, kisha wakatwaa ubingwa 2023. Kansas City walipoteza 106 mwaka 2023, majira ya baridi wakawaongeza warushaji Seth Lugo na Michael Wacha, wakamfunga Bobby Witt Jr. kwa mkataba wa miaka 11, na mwaka uliofuata wakaingia mtoano.

Dalili ya kuangalia ni moja: je, mmiliki ananunua akiwa bado anashindwa? Anayesema atafungua mfuko timu ikishaanza kushinda mara nyingi huufungua akiwa amechelewa, maana saa za utumishi hazimsubiri. Pittsburgh wanalijua hilo kuliko wote. Kuanzia 1993 hadi 2012 walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wameshindwa zaidi ya walivyoshinda, na katika miaka yote hiyo walikuwa na haki ya kuchagua vijana kama wengine.

Kurudi si kukaa

Nikiri kosa langu. Mwaka 2021 Chicago White Sox walipomaliza juu ya kundi lao na ushindi 93, niliandika katika kaunta buku hii, kwa wino mwekundu, kwamba watakaa kileleni hadi 2025. Mwaka 2022 walishinda 81 na kushindwa 81, mwaka 2023 wakapoteza 101, na 2024 nimekwisha kuutaja. Nilihesabu majina yaliyokuwapo, nikasahau kuuliza majina gani yanakuja nyuma yao wakiumia. Baltimore nao, baada ya kushinda 101 mwaka 2023 na 91 mwaka 2024, walishuka hadi 75 mwaka 2025. Warushaji hasa ni mali ya kuvunjika: anayefanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko kwa kawaida hukaa nje kati ya miezi 12 na 18, yaani kisanduku cha wino kinageuka tupu kwa msimu mzima au zaidi. John Means alifanyiwa upasuaji huo Aprili 2022, miezi michache baada ya mimi kumwandika. Tangu hapo ninapokadiria, mrushaji mmoja wa wino humfuta kichwani kabla ya kutoa jibu, nikichukulia kwamba yeyote kati yao ataumia.

Ukurasa wa Pittsburgh

Tuliuchora jioni ileile, taa ya barazani ikivutia kumbikumbi ingawa mvua zilikuwa bado mbali. Kwa wino tuliandika Skenes bila kubishana. Msimu huo aliruhusu wastani wa pointi 1.97 kwa kila duru tisa, yaani mchezo mzima, akatajwa kila mahali kuwa ndiye bora, na bado rekodi yake ikawa ushindi 10 na kushindwa 10, kwa kuwa wenzake walikuwa wakimpigia pointi moja au mbili na wakati mwingine hata moja hawampi. Tena mrushaji anayeanza hucheza mara moja kila siku tano au sita, kwa hiyo hata aliye bora haibebi timu peke yake. Mpwa wangu alikuwa hajawahi kulitazama jambo hilo hivyo, akanyamaza kidogo. Wa pili alikuwa Mitch Keller, mwenye mkataba hadi 2028. Wa tatu Bryan Reynolds, mwenye mkataba hadi 2030, ambaye tulibishana juu yake kwa sababu 2025 ulikuwa mwaka wake mbaya, na hatimaye nikakubali awe wa wino kwa heshima ya miaka iliyotangulia.

Kwa penseli tuliandika Bubba Chandler, aliyepandishwa Agosti, na Jared Jones, aliyekuwa akiuguza kiwiko. Oneil Cruz, mwenye kasi na nguvu za kutisha lakini anayekosa mpira mara nyingi mno, mpwa wangu alimtaka awe wa wino, nikakataa. Konnor Griffin, kijana aliyechaguliwa wa 9 mwaka 2024 akitokea sekondari na ambaye mwaka mmoja tu baadaye alikuwa amefika A mbili, naye aliingia kwa penseli iliyochongwa vizuri. Visanduku vilivyobaki vya wapigaji vilikuwa vyeupe, na weupe huo ndio uliokuwa jibu, kwa sababu timu hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizofunga pointi chache kabisa katika ligi nzima.

Pembeni ya jina la Skenes tuliandika 2029. Kwa kuwa alitwaa tuzo ya mchezaji bora mpya mwaka 2024, alihesabiwa mwaka mzima wa utumishi ingawa aliitwa Mei, hivyo bila mkataba mpya atakuwa huru baada ya msimu wa 2029. Dirisha, basi, ni misimu minne, kuanzia 2026, na wino ni wa watu watatu. Kwa kanuni yangu hiyo ni misimu miwili pamoja na msaada wa mfuko: 2027 ikiwa watapatikana wapigaji wawili wa kiwango cha kati kabla ya Aprili na Griffin akapandishwa bila kusukumwa, 2028 ikiwa mfuko utabaki umefungwa, na hapo utakuwa umebaki msimu mmoja tu wa Skenes baada yake. Pembezoni nilimwandikia tarehe za kuufungua ukurasa tena: wiki ya kuanza kwa msimu mwishoni mwa Machi, siku za mwisho za dirisha la kubadilishana wachezaji katikati ya mwaka, na siku ya mwisho ya michezo ya kawaida mwezi Septemba. Kila mara, kazi ni kufuta penseli, kukoleza iliyothibitika kwa wino, na kupiga hesabu ya pointi upya.

Mpwa wangu alitaka tuandike 2027 kwa wino. Nilimpa penseli. Akaiandika kubwa, akaizungushia duara, akaupiga picha ukurasa kwa simu yake, kisha akaaga akikimbilia daladala za mwisho za kuelekea chuo.